Mstari wa Bi Nyamizi

Mkitaka kucheka chekeni, nimeshazoea. Lakini haya yalinikuta mimi mwenyewe, hapa hapa ofisini Kanyenye, saa nane mchana, jua linawaka.

Kazi yangu ni kuchambua vipimo vya maji ya visima kwa kompyuta. Aa, programu ile inakera! Ukifungua faili inakuuliza: kunakili au kuunganisha? Ukinakili, unachezea nakala. Ukiunganisha, jedwali unaloliona kwenye skrini ndilo faili lenyewe. Ukigusa huku, na kule kumeguswa. Mimi kwa ujuaji wangu nikachagua kuunganisha. Nani alinituma?

Sasa kisima kimoja cha Kigwa kilikuwa na madini ya sumu mengi mno, kinaniharibia grafu. Nikasema hapa wamekosea kupima, nikafuta mstari wake. Kuja kushtuka, umepotea kwenye faili pia, na karatasi za wapimaji zimeshaliwa na mchwa stoo. Niliitukana kompyuta mpaka koo likakauka. Halafu nikajisemea potelea mbali, kisima kimoja tu.

Kuinua macho, mama mtu mzima amekaa kwenye kiti cha wageni. Hodi hakupiga. Nikamwamkia shikamoo, akaninyooshea kidole.

"Mbona umenifuta?"

"Nimekufuta wapi, mama?"

"Mimi Nyamizi wa Kigwa. Wajukuu zangu wanakunywa maji yale. Andika!"

Niliivuta kibodi haraka jamani, maana jina hilo ndilo la mwenye kisima, lililokuwa kwenye mstari niliofuta. Akanitajia vipimo vyote mpaka desimali, huku akinigombeza kama mtoto aliyemwaga uji. "Si hapo! Pembeni!" Nikaandika. Nilipobonyeza kuhifadhi, kiti kitupu.

Kesho yake nikaenda Kigwa kupima upya. Nikamuulizia Bi Nyamizi. Mke wa mwanawe akanikodolea macho.

"Mama tulimzika wiki ileile wapimaji walipoondoka."

Nyuma yake watoto wawili walikuwa wanakunywa kwa kata, kisimani pale pale. Niliwapigia kelele wamwage. Nikapima: namba zilezile, mpaka desimali.

Kisima kimefungwa. Ila mimi mpaka leo nikitaka kufuta hata nukta, mkono unakufa ganzi, na bosi ananiita mvivu. Na wewe hodari wa kufuta, uliza kwanza umeshika nakala au umeshika kitu chenyewe. Mimi nilifuatwa nikagombezwa. Wewe unaweza usifuatwe na mtu, na watoto wakaendelea kunywa.