Jasho Likauke Kwanza

Kwa miaka sita Kamate alikuwa akisukuma makayabo kutoka Tchomia, kando ya ziwa, hadi mji wa Bunia huko Ituri: magunia mawili ya samaki wa chumvi juu ya baiskeli moja, fimbo imefungwa kwenye usukani ili aweze kuiongoza akitembea ubavuni. Njia ni zaidi ya kilomita hamsini. Kwanza ni tambarare ya ziwa, yenye joto linalokaa usoni kama mvuke wa chungu. Kisha mlima unasimama, na msukumaji anainama mpaka kidevu kinakaribia gunia.

Chini ya mlima kuna kijito chenye maji baridi, na hapo wasukumaji walikuwa na sheria: jasho likauke kwanza. Hakuna aliyegusa maji yale kabla shati halijamkaukia mwilini. Mtu alikunywa maji ya uvuguvugu ya bidoni lake, dumu la plastiki, akaketi, akangoja.

Sheria hiyo aliiweka Kamate mwenyewe. Mwaka wa pili wa vita, mwenzake Augustin alifika pale mchana akiwa na macho mekundu, maneno yanamgongana mdomoni, akajitupa majini na nguo zake na hakuinuka tena. Wote walikubaliana kwamba baridi ilikuta damu ya moto, ikaigandisha. Hofu hiyo si ya Ituri peke yake. Utaisikia Kampala, utaisikia Kisangani, na hata ng'ambo wako mabibi wanaowazuia wajukuu kuoga wakitoka kukimbia. Lakini pale kijitoni ilikuwa na kaburi lake, hatua ishirini kutoka barabarani, na ni nani angebisha mbele ya kaburi.

Mwaka wa nne wa vita mke wake, Domitille, alishikwa na uchungu wa kuzaa, na siku mbili zikapita bila mtoto kutoka. Mkunga wa Tchomia alimwita Kamate nje akamwambia kwamba mtoto amelala kimshazari; asipopasuliwa mama, watakufa wote wawili. Mpasuaji yuko Bunia. Malori yalikuwa yameacha kupita tangu wenye bunduki walipoikata barabara. Kamate akamwacha binti yao Aimée kwa jirani, akashusha magunia, akafunga mbao na godoro juu ya baiskeli, akamlaza mke wake ubavu. Waliondoka alfajiri. Kizuizi cha kuingia Bunia kilikuwa kikifungwa kila siku saa kumi na mbili jioni, na baada ya saa hiyo walinzi wake hawakuuliza mtu jina, walipiga risasi.

Saa tano asubuhi walifika kijitoni. Kamate aliusikia moyo wake ukidunda mpaka kwenye meno, na miguu ilikuwa kama imejazwa uji. Kivulini alimkuta Adrien, msukumaji mwenzake, ameketi kando ya samaki wake akingoja kukauka.

"Leo umebeba samaki mukubwa, chef," Adrien alisema, kwa kuwa ndivyo walivyosalimiana, kwa dhihaka. Alipouona uso wa Domitille akasogea kuwapa kivuli.

Kamate akaketi; bila maji yale asingeuweza mlima, na sheria ilikataza kuyagusa akiwa amelowa.

"Baba Aimée," Domitille alisema baada ya muda, "tunangoja nini?"

"Jasho."

Wake wote wa wasukumaji waliijua sheria hiyo. Domitille aliugeuza uso kwenye godoro, akauma kitambaa uchungu ulipokuja, ukapita, ukaja tena. Kamate alilitazama shati lake. Kila alipopapasa kifua lilikuwa bado limelowa, kwa sababu joto la tambarare halikuwa na upepo wa kukausha kitu. Alijiambia kwamba akifa pale, hakuna wa kumfikisha mke wake. Hilo lilikuwa kweli, na alilishikilia kwa saa nzima.

Jua lilikuwa utosini alipotokea mwanamke mwenye kifurushi kichwani. Jina lake Bibiane. Alikuwa muuguzi wa zahanati moja upande wa Djugu mpaka zahanati hiyo ilipochomwa, na sasa alikuwa akitembea kwenda Bunia kama wengine. Hakusalimu sana. Alipiga magoti, akaweka sikio juu ya tumbo la Domitille, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Bado iko anacheza," alisema. "Lakini anachoka. Mbona mumekaa?"

Kamate alimweleza habari za jasho, za Augustin na damu iliyoganda. Bibiane alimsikiliza huku akimshika mkono penye mshipa, akihesabu mapigo.

"Ule mutu alifika hapa akiongea vibaya?"

"Ndiyo. Kama mulevi."

"Basi alikuwa anakufa kabla ya kugusa maji. Moto ya jua ndiyo ilimuua. Nyinyi muliona maji tu." Akaachia mkono wake. "Sikia, baba. Moyo iko mumoja. Ukisukuma, miguu inaita damu. Jua likipiga, ngozi nayo inaita damu, ili itupe moto inje. Moyo inakimbia huku na huku, na damu ni ile ile, haiongezeki. Kwa hiyo miguu inakosa. Ukilowanisha ngozi ikapoa, inaachia ile damu, inarudi kwa miguu. Usirukie kijito na moyo inaruka hivi. Ujimwagie polepole, shingo, mikono, kifua, na usingoje kukauka. Ile maji ikikauka njiani ndiyo inakupoza."

Kamate alimtazama Adrien. Adrien alitazama kaburi.

"Sheria ni yako," alisema Adrien kwa sauti ndogo.

Bibiane hakungoja wamalize kutazamana. Alichota maji kwa bakuli lake akayamwaga kwenye shingo ya Kamate, naye Kamate akafumba macho kama mtu anayengoja risasi. Hakikutokea kitu. Bakuli la pili, la tatu. Ule mdundo wa kwenye meno ukashuka kifuani, mahali pake. Akasimama, akashika fimbo.

Walipanda. Bibiane alitembea nyuma na bidoni, na kila kona alikamua kitambaa kilicholowa juu ya kichwa na mgongo wa Kamate. Mlima ulikuwa ule ule na uzito ulikuwa zaidi, lakini miguu ilimsikiliza, na hilo lilimuuma kuliko uchovu, kwa sababu alianza kupiga hesabu ya mahali ambapo wangekuwa wamefika. Maji yalipopungua, Domitille aliombwa achague kunywa au kumwachia mume wake. Aliusukuma mkono wa Bibiane kuelekea kwa Kamate.

Walivuka kizuizi jua likigusa vilima, mlinzi tayari ameshika kamba ya kufunga. Hospitalini Domitille alichukuliwa mara moja.

Aliishi. Mtoto, wa kiume, alitolewa hana pumzi. Kamate alimuuliza mpasuaji alikufa lini, na mpasuaji, ambaye hakujua anaulizwa nini, alisema ngozi ya mtoto ilikuwa bado haijabadilika. Ni kama saa moja iliyopita, labda hata pungufu. Domitille hakuwahi kuitaja ile saa, si siku ile wala baadaye, na Kamate alizoea kulala akimpa mgongo.

Baada ya miezi miwili alirudi barabarani na samaki wake. Kijitoni aliwakuta Adrien na wengine watatu kivulini, mashati yamelowa, wakingoja. Aliegemeza baiskeli, akachota maji kwa bakuli, akajimwagia shingo na kifua. Wale wengine wakageuza macho.

"Adrien, jimwagie. Tuende."

"Uliniambia nikae, nikakaa," Adrien alisema. "Miaka miwili. Leo unasema nimwage. Nitakuamini kwa nini?"

Kamate alikuwa na maelezo yote ya Bibiane kichwani, ya moyo mmoja na miguu na ngozi, na alikuwa ameyapanga njia nzima. Badala yake akamnyooshea Adrien bakuli.

"Mutoto wangu alikaa hapa saa moja," alisema. "Alikuwa muzima."

Akaweka bakuli juu ya jiwe kando ya maji, akashika fimbo, akaanza kupanda shati lake likichuruzika, bila kugeuka kuona kama kuna aliyeliokota.