Fundi Selemani na Tepu ya Urambo

Fundi Selemani alisikia sauti za watu kutwa kucha, na karibu zote zilikuwa za redio. Alifanyia kazi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake mjini Tabora, katikati ya maredio ya watu, ya mbao na ya plastiki, na kila aliyoitengeneza aliiacha iseme ili mwenyewe akija aikute inasema. Taarifa ya habari, bei ya tumbaku, hotuba za vijiji vya ujamaa, salamu za wasikilizaji. Yeye kainama na bisibisi, kimya. Hakuwa na kiburi hata kidogo, ukimsalimu alikuitikia vizuri tu, ila ukimtupia swali la pili ulimkuta keshahamia ndani ya redio.

Maneno yote ya nyumba ile alikuwa nayo mkewe, Swaumu. Mnyamwezi wa kijiji cha Kwihara, mwanamke wa kucheka na kufoka kwa pumzi moja. Kila asubuhi saa nne chai ilipoiva, aliita kutoka uani mpaka mtaa wa pili wakajua kwamba chai imeiva: "Baba Amne wee! Unakuja au nimwagie kuku?"

Na fundi, yule yule asiye na maneno, alinyanyua kichwa akajibu kwa sauti ambayo wateja wake hawakuijua: "Nakuja, bibi wee, nakuja! Usimwage!"

Amne, binti yao pekee, alikuwa ameolewa Mpanda. Kwa hiyo nyumbani walibaki wawili, na kwa kelele za Swaumu ungedhani ni kumi.

Mwaka mmoja baada ya vita vya Kagera, enzi za sabuni ya foleni na sukari ya kusikia kwa jirani, Swaumu alianza kuvimba miguu. Akawa anapanda ngazi mbili za kibaraza na kusimama kuhema. Daktari alimwita Selemani pembeni akamwambia moyo wa mama umechoka, asimtumikishe. Selemani akamshukuru. Alirudi nyumbani, akakaa mbele ya meza yake, na wazo lililomjia lilikuwa la kifundi: nyumba nzima imejaa sauti za watu wasiomhusu, na sauti ya huyu mmoja haimo popote.

Hapo ndipo alipoanza kutafuta tepu ya kunasia sauti.

Dukani kwa mfanyabiashara mmoja sokoni palikuwa na redio-kaseti ndogo, nzuri, ina maiki yake humo humo. Unabonyeza vitufe viwili, unasema, basi. Swaumu aliipenda. "Chukua haka haka," alisema, "kanatosha kwenye kikapu." Lakini Selemani aliigeuza, akaitikisa, akaitegea sikio, akakunja uso. Inavuma. Kaseti yenyewe nusu saa upande mmoja, nusu saa upande wa pili, imekwisha. Nusu saa! Swaumu alikuwa haondoki hata kwenye salamu kwa nusu saa.

Jamani, mafundi! Mtu wa kawaida angeinunua siku ile ile, na hadithi hii isingekuwepo. Yeye alisikia kwamba kuna mzungu wa tumbaku kule Urambo anarudi kwao na anauza vitu vyake, ikiwemo tepu kubwa ya magurudumu mawili. Akapanda treni. Akaikuta mezani, nzito kama sanduku la bati lililojaa nguo, utepe wake mpana, na mwendo wa aina mbili: wa haraka kwa sauti safi, wa polepole kwa masaa mengi. Gurudumu moja kubwa lilimeza maneno ya mchana mzima. Alisimama mbele yake akihesabu moyoni: hapa yataingia yote ya Swaumu. Vicheko, matusi, hadithi za Kwihara, mapishi, ugomvi na jirani. Hatolazimika kuchagua. Kitu kimoja tu kilikosekana. Maiki ilikuwa imepotea, mzungu alitafuta kila kabati hakuiona. Selemani akasema si kitu, maiki itapatikana.

Mkokoteni uliileta kutoka stesheni. Swaumu alisimama mlangoni kajishika kiuno.

"Baba Amne, umeniletea mke mwenza?"

"Ni tepu."

"Naiona. Mnene kunizidi. Atalala wapi?"

Selemani akamdanganya kuwa ni ya kunasia maulidi. Swaumu akasema polepole, bila kucheka, "Unataka kunitia kwenye sanduku kabla ya jeneza." Halafu akacheka, akaenda zake kuchambua mchele, na Selemani akabaki anafuta vumbi lisilokuwepo.

Kuiweka sawa ilikuwa kazi. Aliisafisha, akabadilisha waya uliokauka, akatengeneza kisanduku cha kupoza umeme wa Tabora uliokuwa ukipanda na kushuka utakavyo. Maiki ndiyo iliyomshinda. Aliazima ya ofisi ya chama, ikakoroma. Ya bendi, ikakoroma zaidi. Mwisho akamwagiza Anton, gadi wa treni ya Dar es Salaam, amtafutie kwa mafundi redio wa huko.

Wakati wa kungoja alijaribu ujanja mmoja. Fundi redio yeyote anajua kwamba spika ndogo ukiigeuza inaweza kusikia badala ya kusema. Akaitoa ya redio iliyokufa, akaiunga, akamketisha Swaumu kwenye kigoda.

"Nisemeje sasa?"

"Lolote."

"Lolote ndiyo nini? Haya. Babu yangu alibeba pembe za ndovu za watu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, mguu haukumvimba. Mimi nabeba sufuria kutoka jikoni mpaka uani, tazama! Wewe tepu unasikia? Huyu mume wangu anakusugua wewe kuliko sufuria zangu." Akaendelea hivyo mpaka akachoka.

Selemani akairudisha nyuma, wakasikiliza. Sauti ilitoka kama ya mtu aliyeingiza kichwa kwenye mtungi.

"Hii si wewe," alisema.

"Basi ni nani?"

"Tungoje maiki." Akaifuta. Akaifuta yote, utepe ukawa safi kama ulivyotoka kiwandani, maana hakutaka uchafu kwenye kitu cha kumbukumbu. Swaumu alimwona akifuta. Alisema, "Haya, fundi," akanyanyuka kwa kushika ukuta.

Hakuisubiri maiki. Alikufa alfajiri moja ya Jumatatu, maji ya udhu yakiwa bado kwenye birika.

Sasa, jirani yao wa nyuma alikuwa Pelagia, mke wa Anton gadi, mwanamke Muha wa Kasulu aliyeuza samaki wa migebuka sokoni. Muha na Mnyamwezi ni watani, na hawa wawili waliutumia utani wao kila siku ya Mungu. Pelagia alimwita Swaumu mpagazi, Swaumu akamwita mla vichwa vya samaki. Walitukanana juu ya ua asubuhi, jioni wanakula sahani moja. Basi siku ya msiba Pelagia alifika na kazi yake ya utani. Akalala kizingitini, hatoki mtu humu mpaka apewe kuku. Akapewa. Akaingia, akachukua kanga ya marehemu, akajifunga, akatembea uani akihema na kuburuta miguu kama Swaumu, wanawake wakacheka huku machozi yanawatoka.

Selemani alikuwa nje jamvini pamoja na wanaume, hasikii, haoni. Mara uani ikapanda sauti:

"Baba Amne wee! Unakuja au nimwagie kuku?"

Alinyanyuka. Mguu mmoja ulikuwa tayari kwenye ndala, mdomo umefunguka kujibu. Lukumani, kaka wa marehemu, alimvuta kanzu. "Kaa, shemeji," alimwambia taratibu. "Ni mtani huyo."

Alikaa. Lile jibu halikutoka, likabaki kifuani. Uani watu walikuwa wakicheka na kulia kwa pamoja, na yeye peke yake hakufanya hata kimoja.

Matanga yakaisha, Amne akarudi Mpanda kwa mumewe, arobaini ikasomwa. Baada ya hapo nyumba ikanyamaza. Tuseme ukweli, alikuwa mpweke mpaka anatia huruma. Alifungua redio zote kwa pamoja, akaona zinamwumiza, akazifunga. Alijipikia chai akaisahau jikoni mpaka sufuria ikaungua. Saa nne ikifika, alinyanyua kichwa. Kila siku alikinyanyua, na kila siku alikiinamisha tena. Na alichojutia hakikuwa kifo, kifo ni cha Mungu. Alijutia kile kitufe cha kufutia. Sauti ya mtungini! Angetoa redio zote za mjini apate hiyo sauti ya mtungini.

Ndipo Pelagia alipokuja na kifurushi. "Anton kasema ndiyo hii uliyoagiza."

Maiki. Mpya, ndani ya boksi lake, waya umekunjwa vizuri. Selemani aliishika kama mtu aliyepewa mtoto asiyemjua. Akaichomeka, taa ndogo ya kijani ikawaka, sindano ikaruka alipokohoa. Haikoromi. Safi kabisa.

"Dada Pelagia," alisema, "uniitie."

"Nikuitie nani?"

"Kama siku ile. Kama alivyokuwa akiita."

Pelagia alirudi nyuma hatua. "Hapana, Baba Amne. Siku ile ilikuwa msiba, nilikuwa na kazi yangu. Leo nikifanya ni kumcheza shere mwenzangu kaburini. Usinitake hivyo."

"Sina kitu chake," Selemani alisema. "Nilikuwa nacho nikakifuta mwenyewe."

Hakuwa amewahi kumwambia mtu. Pelagia aliyatazama yale magurudumu mawili makubwa, akamtazama na mwenyewe, shati limefungwa vifungo kombo, hakuna wa kumwambia. Akashusha pumzi. "Mara moja tu," akasema. "Na unisamehe, na yeye anisamehe."

Akaenda uani. Selemani aliweka mwendo wa haraka, ule wa sauti safi, akaielekeza maiki kwenye mlango wa nyuma, akabonyeza. Magurudumu yakaanza kuzunguka. Kuku walikuwa wakiparura nje. Kisha:

"Baba Amne wee! Unakuja au nimwagie kuku?"

"Nakuja, bibi wee, nakuja! Usimwage!"

Ilimtoka tu. Ilikuwa imekaa kifuani tangu jamvini. Alijikuta amesimama, na Pelagia amesimama mlangoni amejiziba mdomo kwa kanga.

Wakairudisha nyuma, wakaketi kusikiliza.

Kuku walisikika hata kucha zao. Halafu sauti ya kuita, nayo ilikuwa ya Pelagia. Pelagia mwenyewe, Muha wa Kasulu anayemwita mume wa mtu. Siku ya msiba uani walijaa watu waliomjua Swaumu, na kila mmoja alimwona pale alipotaka kumwona. Maiki haikumjua Swaumu, ilichukua ilichopewa. Mkono wa Selemani ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha kufutia. "Hii si yeye," alisema.

Lakini utepe ulikuwa bado unatembea. Mwanamume akajibu. Nakuja, bibi wee, nakuja, usimwage! Sauti changamfu, ya mtu anayechekea ndani, mtu wa kudeka, mtu anayejua kwamba chai haitamwagwa.

Pelagia akaushika ule mkono wake. "Na huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Miaka yote nimekaa nyuma ya nyumba hii, mimi hujanijibu hivyo. Kuna mtu mwingine uliyewahi kumjibu hivyo?"

Selemani alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofikiri juu ya redio. "Hapana," alisema.

"Basi usifute."

Akaondoa mkono kwenye kitufe. Pelagia alifuta machozi kwa pindo la kanga, akasema migebuka yake iko juani na paka wa mtaa huu ni wezi kama Wanyamwezi wote, akaondoka haraka. Utepe uliendelea kuzunguka bila kitu, ule utepe mrefu aliouchagua ili Swaumu aseme mpaka achoke, nao ulikuwa mtupu karibu wote.

Selemani akaurudisha nyuma. Akamsikia tena yule mwanamume mwenye furaha akisema anakuja, anakuja. Naye akabaki palepale kwenye kigoda, kwa sababu uani hakukuwa na mtu.