Redempta na majaribio yasiyomchosha mgeni

Jua la Sumbawanga limetoka bila joto. Redempta amejitanda kitenge mabegani, ameinamia kompyuta, na kazi yake asubuhi hii ni kufuta.

Anafuta majaribio, yaani vipimo vya kompyuta vinavyokagua programu. Yeye ndiye mlezi wa programu inayowatumia wasafiri ujumbe wa simu, kuwajulisha boti za Kasanga na Kabwe, Ziwa Tanganyika, zinaondoka lini. Yeyote anaruhusiwa kuirekebisha kwa kujitolea, ila kwanza aendeshe majaribio kwenye kompyuta yake, ionekane kwamba hajaharibu kitu.

Kila kosa lililotokea liliongezewa jaribio lake. Yakarundikana, mpaka mtu akiyaanzisha anakwenda kusonga ugali, akirudi bado yanajikokota na bando linaisha. Wengi wakaondoka kimya kimya. Jafeti, karani wa mizigo Kasanga, hakunyamaza.

"Dada, nimekuja kubadilisha neno moja," alimwambia kwa simu. "Unanichunguza kama nimekuja kuposa."

Redempta alicheka, kisha akakosa raha. Hao wa kupita ndio mikono yake. Peke yake hawezi.

Basi akaanza kupunguza, akapalilia hadi akang'oa na mche. Jaribio la saa, linalohakikisha saa zimeandikwa kwa Kiswahili, aliliona la kitoto, akalitupa. Mgeni mmoja akagusa sehemu ya ratiba, majaribio yakapita upesi, watu wakapongezana. Ujumbe ukatoka: boti inaondoka saa nane. Kumbe nane hiyo ni ya Kizungu, yaani saa mbili asubuhi. Cornelia, mkulima wa ulezi, akafika na magunia yake mchana. Boti ilishaondoka.

"Nilimpigia kumpa pole," anasema Redempta. "Akaniuliza, 'Mwanangu, aliyeandika ni mwenzetu kweli?'"

Mwenzake Meshack alitaka majaribio yote yarudi. Redempta akakataa. La saa amelirudisha. Mgeni anapewa yale tu ambayo yakikosewa mtu anakwama safarini. Mengine Redempta anayaendesha mwenyewe, kazi ikishamfikia; yasiyomsaidia yeyote ndiyo anayoyafuta asubuhi hii.

Juzi Jafeti alileta marekebisho mapya, yakakwama papo hapo: kakosea saa vilevile. Redempta alidhani atanuna.

"Afadhali nikamatwe bado nimekaa kitini," alisema Jafeti. "Ila hayo maneno yako mekundu ya Kiingereza yaliyotokea kwenye skrini sikuyaelewa."

Ndiyo kazi atakayoifanya akimaliza kufuta: kila jaribio liseme kosa kwa Kiswahili. La saa ameshaliandikia maneno yake. Ukikosea, linakwambia: *Umemwacha mtu gatini.*