Kuku wa Jedidah na Nyasi za Mwalimu

Jedidah Mokeira alikuwa na miaka sitini na mitatu mumewe alipopigwa na kiharusi, na kuanzia siku hiyo akabaki na kazi mbili zisizopatana: kufuga kuku, na kutunza bustani ambayo kuku hao hao walikuwa wakiiharibu.

Bustani haikuwa yake. Ilikuwa ya mumewe, Elkanah Onsongo, mwalimu mstaafu ambaye Rangwe nzima ilimwita Mwalimu, hata watu ambao hakuwahi kuwafundisha. Walihamia huko kutoka Kisii wakiwa bado vijana, yeye akafundisha, mkewe akauza ndizi sokoni. Alipostaafu, Mwalimu alikataa kupanda mahindi mbele ya nyumba kama majirani. Alipanda nyasi. Alichimba vitalu vya mviringo, akavizungushia mawe ya kupakwa chokaa, akapanda mawaridi, akamwaga changarawe kutoka getini hadi kwenye ngazi. Siku za Sabato waumini walipotoka kanisani walipita hapo kupiga picha, naye alisimama kando, mikono nyuma, kama mtu asiyehusika.

Kuku ndio walikuwa wa Jedidah. Kuku wa kienyeji, ishirini na kitu, waliotoka bandani asubuhi wakaenda watakako. Zamani vita vyao vilikuwa vya Mwalimu. Yeye ndiye aliyewafukuza kwa kofia, akapanda upya walichochakura, akanung'unika mezani. Jedidah alimsikiliza huku akimenya ndizi.

Sasa Mwalimu alikaa barazani kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia umelala mapajani, na maneno yaliyobaki kinywani mwake yalikuwa machache. Kuku walipoingia kwenye nyasi aligonga sakafu kwa fimbo. Jedidah yuko jikoni, au anafua mashuka ya mumewe, lazima aje. Anawafukuza hadi nyuma ya nyumba, anarudi. Kabla sufuria haijachemka, fimbo inagonga tena.

"Uza hao kuku, Mama," binti yao Sheila alimwambia kwa simu kutoka Nakuru.

"Nikiuza nitafanya nini asubuhi?"

"Utapumzika."

Jedidah alitaka kumwambia kwamba katika boma lile kuku ndio pekee waliomjia na njaa zao, wakala, wakaenda zao. Alisema uji unamwagika, akakata simu.

Aliyeleta shauri alikuwa jirani yao Omondi, fundi wa mbao.

"Mama Sheila, gweno ni gweno," alisema, akiwatazama kuku wakichakura chini ya waridi. "Kuku hajui hapa ni maua, pale ni mboga. Yeye anaona udongo tu. Dawa ni kumfungia."

Akajenga uzio wa waya nyuma ya jikoni, kuku wakaingizwa wote. Wiki ya kwanza boma lilikuwa kimya. Lakini kuku aliyefungiwa hutaka kuletewa kila kitu, na kila jioni Jedidah alibeba ndoo tatu za maji ya kuku na nne za maua, mgongo ukiuma. Wiki ya tatu kuku walianza kunyonyoana manyoya. Mayai yakapungua. Wiki ya tano, upande wa mashariki, nyasi zikaanza kuwa na mabaka ya kahawia. Jedidah aliinama akavuta kidogo, zikanyanyuka zote kama mkeka. Chini yake udongo ulikuwa unatembea kwa mchwa.

Alirudisha zile nyasi, akazikanyaga zilale. Kisha akakisogeza kiti cha mumewe upande wa pili wa baraza.

"Huku kuna kivuli," alimwambia.

Mwalimu alimtazama, kisha akageuza macho upande wa mashariki.

Mawaridi mawili yakakauka. Jedidah alimwaga jivu, akamwaga maji yenye pilipili, akaomba Sabato mbili mfululizo, na aliona aibu kumwomba Mungu mambo ya nyasi. Alasiri moja ya mwezi wa pili tangu uzio ujengwe, baada ya kuwawekea kuku maji, aliingia ndani ajinyooshe kidogo tu. Mlango wa uzio hakuufunga. Alilala usingizi mzito.

Kilichomwamsha ni kimya. Aliona kupitia dirisha kuku wanatembea mbele ya nyumba, na hakuna aliyekuwa akigonga. Alitoka peku. Kiti kilikuwa kitupu.

Mwalimu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya juu, upande wa mashariki. Alikuwa amejikokota ukutani hadi pale. Chokaa imemchafua bega lote. Mbele yake kuku wote walikuwa kwenye mabaka ya kahawia, wanapindua nyasi, wanadonoa mchwa kwa haraka kama watu waliochelewa kula.

Jedidah alikaa kando yake.

"Nilidhani umekufa," alisema.

"Bado," Mwalimu akajibu.

Akainua kidole cha mkono mzima. "Mchwa," alisema taratibu. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kiti." Akapumua. "Ulipohamisha kiti."

Jedidah aliinuka kuwafukuza kuku. Mwalimu akamshika gauni.

"Waache."

Siku zilizofuata alimwonyesha kwa kidole kipi kilindwe na kipi kiachwe. Omondi aliutoa waya nyuma ya jikoni akauzungushia mawaridi manne yaliyobaki karibu na ngazi. Juu ya mizizi Jedidah alipanga mawe mazito ambayo kuku hawezi kuyapindua. Pengine pote wakaachiwa kuku, na walikuwa wakitolewa saa kumi, jua likipoa, wanachakura mpaka giza liwarudishe bandani wenyewe.

Haikuwa bustani tena. Changarawe ilitawanyika, nyasi zikaota kwa mafungu, na baada ya kanisa waumini walisalimia tu wakapita. Sheila alipokuja mwezi wa nne alisimama getini muda mrefu, kisha akasema boma limekuwa kama la mtu yeyote. Mashuka bado yalikuwa ya kufuliwa, na waridi jingine likafa mvua zilipochelewa.

Jioni moja Jedidah alikuwa akimfuta Mwalimu miguu kwa kitambaa chenye maji moto.

"Umechoka?" Mwalimu aliuliza.

Tangu Mwalimu augue, hakuna aliyewahi kumuuliza Jedidah swali hilo, wala yeye hakuwa amejiuliza. Alikamua kitambaa.

"Nimechoka," alisema.

"Nenda ulale."

"Kuku hawajaingia."

"Nitawahesabu mimi."

Alimwachia beseni miguuni, akaingia ndani akalala, jua likiwa bado juu.