Walificha Mihogo, Wakauza Ziwa

Baba yangu mdogo hajawahi kulowesha hata muhogo mmoja maishani mwake, lakini ndiye aliyesimama mbele ya wanawake wa kijiji chetu akawaamuru watoe mihogo yote ziwani. Wageni wanakuja, alisema. Wanatoka Kasongo, watu wenye maduka, na wengine wana pesa za machimbo ya dhahabu ya Lusangi. Haifai wakute ziwa linanuka. Nilikuwapo siku hiyo, nimefuata unga kwa mama yangu ili nikauuze sokoni Kasongo. Nilimtazama na viatu vyake vinavyong'aa, nikajiuliza kama anadhani ugali anaokula kila jioni huota wenyewe kwenye sahani.

Niseme kwanza ni ziwa gani, maana baba mdogo alilisifu mpaka ungedhani ni Tanganyika. Ni ziwa dogo, liko kando ya njia iendayo Kabambare, na mtu akikuita kutoka ng'ambo unamwitikia bila kukaza sauti. Samaki wake wana miiba kuliko nyama. Wazee wetu hawakukaa pale kwa ajili ya samaki, walikaa kwa ajili ya mihogo. Muhogo wetu ni mchungu, una sumu, na lazima ulale majini siku kadhaa mpaka ulainike na sumu iutoke, ndipo uanikwe, utwangwe, uitwe unga.

Kwa hiyo pale ukingoni, kwenye maji ya magotini, kila mke alikuwa na shimo lake, limezungushiwa vijiti ili mihogo isielee ikaenda kwa jirani. Shimo halinunuliwi. Mama mkwe humkabidhi mke wa mwanawe, naye akizeeka humkabidhi mke wa mwanawe. Mwanamume hana neno juu ya shimo. Wengi wao hata hawajui lipi ni la nyumbani kwao. Na ndiyo, mashimo yananuka, tena vibaya, ila sisi tuliozaliwa pale hatusikii kitu.

Baba mdogo alikuwa ameishi Bukavu miaka mingi. Alirudi na Kifaransa kidogo, na kijimkoba cha kubana kwapani, akajiita komisioneri. Kazi ya komisioneri ni kumwonyesha mwenye pesa nyumba ya asiye na pesa, kisha kula pande zote mbili. Hakusema kiwanja kama sisi wengine. Alisema parsele, na zile zetu za ukingoni akaziita parsele za bor-di-lak, ndiyo ukingo wa ziwa kwa Kifaransa chake. Kijiji kizima kikaanza kusema bor-di-lak, hata vikongwe wasio na meno.

Unadhani kuna aliyemkatalia? Walitii wote. Waliitoa mihogo ikiwa katikati ya kulainika, wakaificha uani chini ya majani ya migomba, na mingi ikaoza. Walifagia ukingo wa ziwa, jambo ambalo sijapata kuliona tangu nizaliwe. Mtu mmoja alipanda maua kwenye mikebe ya maziwa akaipanga mlangoni. Chifu alipelekewa mbuzi wake, akamla, akatangaza kuwa ardhi ni ya wote. Maana yake ni ya yeyote atakayeleta mbuzi mwingine.

Wageni walifika kwa pikipiki, wamejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Walisimama wakavuta pumzi. Mmoja wao, mwenye duka la mabati, alisema hewa ya pale itamshusha presha. Sisi tulisimama nyuma tukiwa tumevaa nguo za kwenda kusali, kama watoto walioambiwa wasiseme kuna nini jikoni. Mama peke yake alicheka, akaingia ndani.

Nyumba zetu za matofali mabichi na nyasi hawakuzitazama mara mbili. Walitazama maji. Waliuliza kila kiwanja kinaishia wapi, na wanaume wetu, bila hata kugeuka kuwaangalia wake zao, walinyoosha mikono wakasema mpaka kwenye maji. Hapo ndipo walipouza mashimo. Hawakujua kuwa wameuza kitu kisicho chao, na hata leo ukiwauliza watakuambia waliuza nyumba tu.

Waliouza walihamia juu, ng'ambo ya njia. Kwa muda kijiji kilikuwa na kelele za redio mpya. Walipata nyumba za mabati, vitanda vya mbao, pikipiki iliyokufa kabla ya masika. Wanawake walipata vitenge na wakavivaa hata kwenda kuchota maji. Wakipita mbele ya nyumba ya mama yangu, ambayo bado ilikuwa ya nyasi na bado ilikuwa ukingoni, walimwita mama bor-di-lak na kucheka mpaka kushikana mabega. Niliwachukia, sitaficha. Niliwachukia na vitenge vyao.

Na wanunuzi? Walibomoa nyumba zetu, wakajenga za kwao, wakazungushia uzio wa mabati ulioingia mpaka majini. Kisha wakaondoka. Huja siku za sikukuu, wa msikitini na wa parokia vilevile, na viti vya plastiki vimefungwa nyuma ya pikipiki. Wanakaa, wanapigana picha na simu, ziwa likiwa nyuma yao. Walinunua maji ili wayape mgongo. Jioni wanaondoka, anabaki mlinzi na mbwa wake.

Ndipo wanawake wakakumbuka mihogo. Mabati yalikuwa yamefunga ukingo wote, isipokuwa kipande kimoja chembamba katikati, cha mama yangu. Kumwomba mama waliona haya, baada ya vile vicheko. Wakaenda kulowesha kwenye kinamasi nyuma ya kilima, mbali, kwenye ruba na matope. Njia ile iliwachosha. Wakaanza kutoa mihogo kabla haijawa tayari, ili wasiirudie safari mara nyingi.

Mimi niliijua habari hiyo kwa ulimi. Walinipa unga wao niwauzie, nikauonja, ukawa mchungu. Nikaukataa. Wakasema Kasongo imenipandisha kichwa. Baadaye watu wakaanza kupata kizunguzungu baada ya kula, na kutapika, na wakasema ni uchawi, maana uchawi hauhitaji mtu aseme aliuza nini.

Halafu binti mdogo wa baba mdogo, mziwanda wake, akaanguka njiani akienda shule. Alitapika, na miguu ikakataa kumbeba. Alibebwa mgongoni mpaka kituo cha afya. Muuguzi alimuuliza mama mtu mihogo ya nyumbani kwao inalala majini muda gani, na mama mtu akainamisha uso. Mtoto alipona, ingawa alichechemea kwa muda. Baba mdogo alieleza kila mtu kuwa ni malaria.

Nilidhani pale angeaibika. Badala yake alikuja kwetu na mteja mpya. Mwenye duka la vitambaa Kasongo anataka kiwanja cha mama, alisema, ndicho pekee kilichobaki, na kwa kuwa ndicho pekee ni kizuri kuliko vyote. Baba yangu ni marehemu na sisi watoto wake ni wasichana watupu, kwa hiyo kwa mila yao nyumba ni ya ukoo, na ukoo ni yeye na kijimkoba chake. Mama angejengewa chumba huko juu. Nilimwambia anamuua mama, kwamba bila maji yale mama hana unga, na bila unga hana kitu, na mimi sina kitu. Nilisema mengine ambayo binti hamwambii baba yake mdogo. Alinijibu kwa upole wa kuudhi kwamba mambo ya parsele hayazungumzwi na wanawake.

Mama alikuwa anamenya mihogo. Hakuinua kichwa.

"Nyumba iko ya kaka yako, shemeji, bomoa ubebe," alisema. "Lakini shimo iko ya mama yako. Ni yeye alichimba, ni yeye alinipatia. Kama unaiuzisha, kwanza muende mumuulize."

Mama yake baba mdogo, yaani bibi yangu, amelala makaburini tangu mimi nikiwa msichana. Baba mdogo alicheka, akamwambia mteja atakuja Jumamosi, na kwamba mama awe ameshaitoa mihogo ili pasinuke. Mama akasema amesikia. Wanaume wa aina yake wakisikia mwanamke anasema amesikia, hudhani amekubali.

Alipoondoka, mama alijifunga kitenge akapanda kwenda ng'ambo ya njia, nyumba kwa nyumba, kwa wale wale waliomcheka. Nilimfuata nikimnung'unikia. Nilimwambia awaache wale sumu yao, waliyataka wenyewe. Mama alisimama akaniangalia kwa namna iliyonifanya nijione mtoto.

"Walinichekaka wakati tumbo zao zilikuwa zimejaa," alisema. "Sasa hazijai tena. Wewe unataka nini zaidi?"

Nilitaka zaidi. Nilitaka waombe. Lakini mama ndiye aliyekuwa anawaomba, na ombi lake lilikuwa la ajabu. Aliwataka walete mihogo yao kutoka kinamasini, ile iliyokwisha kulala majini, na waimwage yote katika shimo lake asubuhi ya Jumamosi.

Walikuja. Walikuja na vikapu na mabeseni, vitenge vimechakaa sasa, hawanitazami usoni, na mimi sikuwarahisishia. Shimo lilijaa, wakachomeka vijiti wakalipanua, likajaa tena. Jua lilipopanda, harufu ikapanda nalo. Mbwa wa mlinzi wa jirani alijiondoa kwenye uzio akaenda kulala upande wa njia. Hata mimi niliyezaliwa na harufu ile niliisikia, na kwa mara ya kwanza nikaona ni tamu.

Mteja alifika amevaa suruali nyeupe. Kwanza alijifanya hasikii kitu, kwa adabu, kisha akatoa kitambaa akajifunika pua. Baba mdogo akamwambia ni samaki waliokufa, ni mambo ya msimu, yatakwisha. Alisema hivyo amesimama hatua chache kutoka kwenye shimo linalofurika mihogo, mbele ya mtu aliyelishwa mihogo na mama yake kama sisi sote. Huenda wangeendelea hivyo, mmoja akidanganya na mwingine akivumilia, maana wafanyabiashara wamezoea, lakini akatokea mke wa baba mdogo.

Alikuja peke yake, amechelewa kuliko wote, na beseni kubwa kichwani. Mama hakuwa amegonga mlango wake. Aliuruka kwa makusudi, asimgombanishe na mumewe. Alipita katikati ya wale wanaume wawili.

"Baba ya watoto, sogea," alimwambia mumewe. "Iko nzito."

Baba mdogo alimnong'oneza kitu, kwa Kifaransa, ambacho mkewe hakijui. Mkewe akainama akamwaga mihogo yote shimoni, na maji yakaruka mpaka kwenye vile viatu vinavyong'aa. Alinyooka polepole, mkono kiunoni.

"Mutoto yako alianguka sababu ya mihogo ya kule," alisema. "Yake italala hapa."

Mteja aliuliza mama huyu ni nani. Baba mdogo, mwenye lugha mbili na kijimkoba, akainama kufuta viatu vyake. Mama yangu ndiye aliyemjibu kwamba ni mke wa huyo anayemuuzia. Mtu wa vitambaa akalitazama shimo, akawatazama wanawake waliokuwa wamejipanga kando ya maji mikono yao ikichuruzika, akasema atafikiri. Akapanda pikipiki. Mpaka leo anafikiri.

Siku zilizofuata waume waliouza wakaanza kuja mmoja mmoja, kofia mkononi, kuomba wake zao waruhusiwe kupita uani kwetu. Kila mmoja alikuwa na hadithi jinsi alivyodanganywa. Hakuna aliyedanganywa. Waliulizwa kiwanja kinaishia wapi, wakanyoosha mkono. Mimi nilishauri tuweke mlango na kufuli, na ufunguo ukae nami. Mama aliwakubalia wote kabla hawajamaliza hadithi zao, na nilikasirika naye kwa siku nzima.

Lakini jioni ile ya Jumamosi bado sijaisema. Mke wa baba mdogo hakuwa amepika, akamwambia mumewe kama ana njaa ajue pa kwenda. Basi baba mdogo akaja kwetu. Alikaa kwenye kigoda bila kijimkoba, hakusema parsele. Nilitamani kumnyima. Mama akamkatia ugali kipande kikubwa kuliko changu, akamwekea sombe ya majani ya muhogo, naye akala mpaka chembe ya mwisho, kisha akasema unga haukuchekechwa vizuri.

Nilifungua mdomo, mama akanikanyaga mguu. Kwa kidevu alimwonyesha baba mdogo maji ya kunawa, kule ziwani. Baba mdogo akasimama akashuka uani kwetu, kwa kuwa njia nyingine za kufika majini aliziuza zote. Nilimwona akivua viatu. Alilizunguka shimo la mama yake taratibu, akishikilia vijiti, asije akakanyaga mihogo ya mtoto wake.