Treni ya Mumbai Aliyoiona Mzee Melkiori

Ukifika Itigi nyumbani kwa Mzee Melkiori, shikamoo yako haijapoa utakuwa umeshasimuliwa stesheni ya Mumbai. Hilo halina mjadala. Atakueleza ukubwa wake, simba wa mawe aliyekaa getini, tausi waliochongwa ukutani, na treni zilizojipanga humo ndani kama ng'ombe zizini. Ukimuuliza alikwenda India mwaka gani, atacheka mpaka akohoe.

"Sikwenda popote. Mwanangu alinionyesha kwenye simu. Nimeiona kwa macho yangu haya."

Macho yenyewe hayaoni hata mlango. Wageni huguna kwa heshima. Mkewe, Mama Luciana, hujifanya anatafuta kijiko. Na huyo mwana anayesifiwa, Redempta, akiwepo huinuka akatoka nje kuangalia kuku. Kuku wana shida gani? Hawana. Mwenye shida ni yeye.

Mzee Melkiori alifanya kazi ya reli maisha yake yote palepale Itigi. Kazi yake ilikuwa kupokea treni, mchana kwa bendera, usiku kwa taa. Dereva akiiona kijani ya Melkiori kwa mbali, basi, njia ni salama, anapita bila wasiwasi. Wakati fulani alifanya kazi na fundi mmoja wa Kihindi aliyekuja kutengeneza vichwa vya treni, na yule bwana kila wakinywa chai hadithi yake ilikuwa ileile: stesheni ya kwao. "Melkiori, siku moja lazima uione." Melkiori akaitikia, ndiyo, nitaiona. Akaishia kuona ya Tabora na ya Dodoma.

Sasa fikiria Redempta, kitinda mimba wake, anapata ufadhili kwenda kusomea ufamasia, na mji wenyewe ni Mumbai. Mzee alikuwa anacheka peke yake akinyoa ndevu.

Lakini siku hizohizo kulikuwa na jambo jingine. Daktari wa macho mjini Singida alikuwa amemwambia ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwisha. La kulia lilikuwa njiani, na dawa ingechelewesha tu. "Mzee wangu, kama kuna kitu unatamani kukiona, kione mapema." Melkiori akamwambia mkewe peke yake, tena kwa kumwapisha. "Mtoto asijue. Akijua hapandi ndege huyo, namfahamu." Mama Luciana akanyamaza. Alikosea, na leo atakuambia mwenyewe kwamba alikosea.

Siku ya safari mzee alimvuta binti yake pembeni. "Mama, mimi sitaki zawadi. Nina ombi moja tu. Zile siku za kwanza, kabla vitabu havijakubana, nenda ile stesheni, unipigie kwa video niione. Usikawie."

"Hilo tu, baba? Nikifika kesho yake tu naenda."

Kesho yake! Nani asiyemjua kijana aliyefika ugenini kwa mara ya kwanza, ana laini mpya na bando la kutosha? Redempta alipokelewa na Belinda, msichana wa Mbeya aliyekuwa mwaka wa pili, na Belinda alikuwa hodari wa kuzurura kuliko wa kusoma. Mvua ilikuwa inanyesha kama imetumwa, na wao walitoka hivyohivyo. Wakaenda barabara ya ufukweni kutazama mawimbi yakipiga ukuta na kulowesha watu. Wakaenda kwenye lango kubwa la mawe, wakapiga selfi mpaka simu ikapata moto. Wakala mkate uliobanwa kitu ambacho wenyeji wana jina lao, ila mtoto wa Itigi akiuma mara moja anajua ni kachori. Wakaingia sinema ya lugha wasiyoijua, wakalia pale walipolia wengine. Redempta alikuwa na furaha, na mimi simlaumu kwa furaha. Namlaumu kwa ile "kesho".

Maana kila jioni mzee alipiga. "Shikamoo baba." "Marahaba, mwanangu. Umefika kule?" "Kesho, baba. Leo tulichoka." Jioni inayofuata: "Umefika?" "Baba jamani, kesho. Si nimekutumia picha za bahari?" Picha za bahari Mzee Melkiori aliziweka karibu na pua, akazigeuza, akasema ni nzuri sana.

Na afadhali ingekuwa ni mbali! Siku moja waliipita. Walikuwa kwenye teksi wanarudi kutoka sokoni, mifuko imejaa magotini, Belinda akagonga kioo. "Wee Redempta, si ile stesheni ya baba yako hiyo?" Redempta akainua macho. Jengo lilikuwa limesimama pale kwenye mvua, minara na mataa, kubwa kuliko alivyowahi kuhadithiwa. Akaitazama miguu yake iliyochubuliwa na viatu vipya.

"Shoga, miguu inaniua. Kwani linaenda wapi? Ni jiwe hilo."

Kweli, jiwe halikwenda popote. Kilichokuwa kinaondoka ni jicho la kulia la mzee mmoja Itigi.

Masomo yakaanza, na yakaanza kweli. Maabara, majaribio, walimu wasiocheka. Baba akauliza mara chache, kisha akaacha kuuliza. Redempta akadhani amesahau. Wazee bwana, akajisemea, leo anataka hiki, kesho kimemtoka.

Mwaka mpya ulishaingia ndipo siku moja, akitoka kumsalimia rafiki, treni ikamshusha palepale stesheni kuu. Akakumbuka. Akatabasamu hata, akijiona mtoto mwema. Akatoka mpaka getini, akapiga video.

Nyumbani Itigi mzee alikuwa amekaa nje, Mama Luciana nyuma yake anachambua maharage.

"Baba, shikamoo! Niko stesheni! Ile yako!"

"Marahaba! Stesheni? Weee! Ngoja, ngoja kwanza. Mama Luciana, niletee kofia yangu."

Aliletewa kofia ya kazi, ile ya reli. Akaivaa, akakaa wima kama anapokea treni.

"Haya mama, nionyeshe."

Redempta akainua simu juu, akaanza kutembea. "Huyo simba hapo getini, unamwona?"

"Namwona! Loo, mkubwa!"

"Na tausi ukutani?"

"Nawaona. Alaa! Wahindi hawa walijua kuchonga!"

Akaingia ndani, huku akijipenyeza katikati ya watu. "Sasa tazama treni ile inayoingia, baba."

"Naiona. Nzuri sana. Wameipaka rangi vizuri, inang'aa."

Ndipo Redempta akaishusha simu kidogo ahakikishe kama picha haichezi. Kwenye kioo akajiona mwenyewe. Uso wake, umejaa kile kidirisha kidogo cha pembeni, na jasho juu ya mdomo. Hakuwa amegeuza kamera. Tangu mwanzo hakuigeuza. Hapakuwa na simba, hapakuwa na tausi, wala treni. Na baba yake, kofia kichwani, alikuwa ameelekeza macho kwenye banda la kuku. Nyuma yake mama ameziba mdomo kwa kiganja, maharage yamemwagika.

"Baba..."

"Endelea, mama. Naona vizuri sana."

Alitaka kupiga kelele pale katikati ya watu. Hakupiga. Wala hakugeuza kamera. Akamwelezea treni moja baada ya nyingine, rangi zake, madirisha yake, watu walivyoning'inia milangoni, mpaka sauti ikakatika, akasingizia mtandao.

Usiku mama alimweleza yote.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambia, ungepanda ndege?"

Redempta alilia kwa sababu hakuwa ameombwa jambo gumu. Hakuombwa fedha wala kukatisha masomo. Aliombwa kushuka kwenye teksi.

Siku hizi amemaliza, amerudi, ana duka la dawa hapohapo Itigi, na matone ya macho ya baba yake humtia mwenyewe asubuhi na jioni, ingawa sasa ni ya kupunguza maumivu tu. Watu humwita mtoto wa baraka. Akilisikia neno hilo hutamani ardhi immeze.

Mwezi uliopita wageni walikuja, wakasimuliwa Mumbai kama kawaida, wakaondoka. Redempta alikuwa anakusanya vikombe.

"Redempta."

"Abee, baba."

"Siku ile ya stesheni ulivaa nini?"

"Kwa nini unauliza, baba?"

"Mama yako aliniambia jioni ileile. Kumbe nilikuwa nakutazama wewe, nasifu treni." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Nimekaa nalo miaka yote hii. Ulivaa nini?"

Redempta akaweka vikombe chini, akapiga magoti karibu na kiti chake.

"Blauzi ya kijani, baba. Kijani kama ya bendera yako."

Mzee akatikisa kichwa polepole. Akanyoosha mkono kuutafuta uso wa mwanawe, akaukosa, akashika bega.

"Zile siku za kwanza ulipoondoka," alisema, wala hakuwa na hasira, "kijani nilikuwa bado naiona."