Bi Taulo na Seramu ya Mzizi Uliochacha

Katika saluni ile hakuna aliyejua kudharau kama Bi Taulo. Wengine hudharau kwa maneno. Yeye alidharau kwa pua tu. Alikuwa ameosha nyuso za watu miaka kumi na tisa, katika chumba cha mbele chenye dirisha na kiti cha kulaza mteja, na jina lake alilipata kwa taulo zake. Alizichovya mwenyewe kwenye maji ya moto, akazikamua, akamfunika mteja uso mpaka akakoroma. Uso ukitoka chini ya taulo ukiwa ungali unachuruzika maji, hapohapo aliupaka mafuta. Hakuwahi kumkausha mtu. "Ngozi hunywa ikiwa imelowa," alisema, wala hakueleza zaidi, maana kuwaeleza wajinga aliona ni kazi ya walimu.

Basi siku moja akaingia mpwa wa mwenye saluni, binti aliyetoka kumaliza kozi ya urembo ya miezi mitatu, amevaa koti jeupe utadhani anakwenda kupasua watu. Mafundi wakambandika jina la Meneja, naye maskini akadhani ni heshima. Mkononi alishika kichupa kizito cha kioo, ndani mna kitu chepesi cha rangi ya chai ya mgonjwa.

"Hii ni seramu ya jinsengi iliyochachushwa," akasema. "Jinsengi ni mzizi, unatoka mbali sana. Mtu akishanawa uso tu, kabla ya krimu, kabla ya mafuta, kabla ya chochote, hii ndiyo hatua ya kwanza. Inaipa ngozi maji."

"Ngozi inapewa maji na maji," Bi Taulo akamjibu. "Na kwangu mimi kitu kikishachacha kinamwagwa."

Mafundi wakaangua kicheko. Mwenye saluni hakucheka. Huyo hacheki mpaka ajue kicheko kina faida gani. Akakata shauri papo kwa papo. Atalala yeye mwenyewe kitini, kila mmoja amfanyie shavu moja, kwa seramu ileile. Atakayempendeza atakaa chumba cha mbele. Mwingine atahamia nyuma, kwenye mabeseni ya kusugua nyayo.

Moyo wa Bi Taulo ulipiga paa, ingawa pua haikuonyesha. Nyayo! Kwa umri ule na magoti yale, ainamie visigino vya watu!

Meneja akatangulia. Akalikausha shavu la kulia kwa taulo kavu, akakausha tena, akangoja, kisha akamimina seramu kwenye pamba na kuipitisha taratibu. Pamba ikanywa karibu yote. Bi Taulo alimtazama huku amebinua mdomo. Zamu yake ilipofika hakutaka hata kukishika vizuri kile kichupa. Akaliosha shavu la kushoto, na maji yakiwa bado yanatiririka akadondosha matone matatu kiganjani, akayabandika shavuni, amalize upuuzi huo upesi. Akagandamiza, akapapasa kidogo kidogo, kama alivyozoea.

Mwenye saluni akainuka, akasogea kwenye kioo. Shavu la kulia lilikuwa vilevile lilivyoingia. La kushoto lilikuwa laini, limejaa, linang'aa. Akaligusa mara mbili.

"Kumbe dawa hii ni ya kweli!"

Dawa! Miaka kumi na tisa, halafu dawa! Bi Taulo alifungua mdomo aseme ni ule umajimaji, ni kutokausha, lakini mwenye saluni alikwisha kumkumbatia mpwa wake.

"Kushoto umenipendeza, Bi Taulo, sikatai," akasema juu ya bega la binti. "Lakini mkono unafundishika. Dawa ameileta yeye. Mfundishe wiki hii, kisha uende nyuma."

Kesho yake asubuhi Meneja alikuja peke yake, koti amelivua, sauti ameishusha.

"Mama, nimeona shavu lako lilivyotoka. Langu nilikosea wapi?"

Lilikuwa swali la adabu. Mtu mwingine lingemlainisha. Bi Taulo alimpandisha akamshusha kwa macho, kisha akampaka binti wa watu mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Hukukausha vya kutosha, mwanangu. Sugua mpaka ngozi ikaze."

Mteja wa kwanza alikuwa mkunga, aliyekuja kila Jumamosi kwa miaka kumi na miwili, ngozi imechoshwa na sabuni kali za wodini. Akalala, akafumba macho kama kawaida yake. Meneja akasugua kwa bidii zote. Bi Taulo alisimama mlangoni, mikono kifuani, akisikia utamu ambao hata leo anauonea haya. Seramu ilipogusa ile ngozi iliyochubuka, mkunga akaruka na kumdaka binti mkono.

"Nani amekufundisha hivi?"

Meneja alimgeukia Bi Taulo, macho yakiuliza hatua inayofuata ni ipi.

Mkunga akayafuata yale macho mpaka mlangoni, akamkuta Bi Taulo tabasamu halijamtoka.

"Nimekuachia uso wangu miaka yote hii," akasema, "na leo unanitazama nikichunwa, unacheka."

"Dada, mimi nilitaka tu..."

"Tupishe." Kisha akajilaza tena na kumwambia Meneja, kwa upole kabisa, "Kalete maji ya moto na taulo, mwanangu. Nitakuelekeza mimi. Nimelala hapa kila wiki, najua kila kitu anachofanya."